Uko Jumuiya Gani?

Jioni moja ya siku ya Alhamisi tulikuwa tumeketi chini ya turubai, wanaume wa mtaa, mbele ya nyumba ya jirani yetu aliyefariki dunia alfajiri ya siku ile. Marehemu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa zamu za usiku, aliyehamia mtaani kwetu, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, miaka mitatu iliyopita pamoja na mkewe na watoto wawili. Alikuwa mpole, mwenye salamu fupi, na sidhani kama kulikuwa na mtu yeyote chini ya turubai lile aliyepata kula naye chakula. Ndugu zake walikuwa bado njiani na basi kutoka Songea. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, wazee wawili walitumwa parokiani kupanga misa ya mazishi. Walirudi baada ya saa moja nyuso zimewasawijika. Ofisini walikuwa wameulizwa swali moja tu, nao hawakuwa na jibu lake: marehemu alikuwa jumuiya gani?

Swali likapelekwa ndani kwa mjane. Naye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kila Jumapili mumewe asipokuwa na zamu walikwenda misa ya kwanza, wakaketi viti vya nyuma karibu na mlango, na misa ikiisha wakarudi nyumbani. Jumuiya alipata kuisikia ikitangazwa, lakini hakujua inakutana wapi, na hakuna mtu aliyepata kumwambia.

Mwisho wa habari hii nitausimulia. Kwanza naomba wasomaji wetu Waislamu na wale wa madhehebu mengine watuvumilie leo, kwa maana ukurasa huu ni wa familia na wala si mimbari. Hata hivyo nadhani hakuna mkaaji wa mji asiyelifahamu swali lile kwa sura nyingine. Mgeni wa mji popote aendapo, msikitini, katika ofisi ya serikali ya mtaa, hata kwa mwenye nyumba ya kupanga, huulizwa ni nani amjuaye.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kama ziitwavyo kwa jina lake kamili, si jambo la kale. Babu zetu waliobatizwa na wamisionari hawakuzijua. Wao waliijua misheni, yaani kanisa la matofali juu ya kilima, shule, zahanati na nyumba ya mapadre. Na wakakijua kigango, ambako katekista aliongoza sala Jumapili kwa Jumapili na padre akafika kwa nadra, akiwa juu ya baiskeli au pikipiki. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa nchi za Afrika Mashariki walikutana mjini Nairobi, wakakata shauri kwamba uhai wa Kanisa lao ujengwe kuanzia chini, katika makundi madogo ya majirani wanaojuana kwa majina. Mwaka 1976 wakakutana tena Nairobi, wakaufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kazi yao ya mbele kuliko zote za kichungaji.

Hapa Tanzania mbegu hiyo ilidondoka katika shamba lililokwisha kulimwa. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea shina la nyumba kumi, lililoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na wengine walikuwa wakiishi katika vijiji vya ujamaa. Hayati Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge alikwenda yeye mwenyewe kuishi katika kijiji cha ujamaa, akafundisha kwamba watu wanaogawana kazi na chakula wanauishi Utatu Mtakatifu kuliko wanaoukariri tu. Si maaskofu wote walioandamana naye katika hilo, na vijiji vyenyewe tunajua vilivyoishia. Lakini jumuiya zimebaki, na leo parokia moja ya mjini huweza kuwa na makumi yake, kila moja na mtakatifu msimamizi wake, mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Wala isidhaniwe kwamba walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, walianza kufanya kazi mwaka 1973. Mapadre wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1882 waliondoka kwa sababu ya hofu na fitina za ikulu, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, upande wetu wa kusini. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta kanisa lililokufa. Walikuta waamini wameongezeka, wamefundishwa na wenzao, vijana watumishi wa ikulu ambao baadhi yao waliuawa katika miezi iliyofuata na leo tunawaita Mashahidi wa Uganda. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padre, na kazi ilikwenda.

Turudi mtaani. Kwa yule asiyejua, jumuiya nyingi za mjini hukutana alfajiri ya Jumamosi, saa kumi na mbili au na nusu, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na makazini. Nyingine hukutana jioni katikati ya juma. Mkutano huzunguka nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu hutandika mikeka, huazima mabenchi kwa jirani, huweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Pakiisha salamu ya “Tumsifu Yesu Kristo” na kuitikiwa “Milele, amina”, huimbwa wimbo, kisha husomwa Injili ya Jumapili inayofuata. Hapana mahubiri. Kila mwenye neno husema lile lililomgusa, kwa lugha yake ya kila siku. Nimepata kumsikia mama muuza samaki akiifafanua habari ya wavuvi waliokesha bila kupata kitu kwa namna ambayo padre aliyesoma Roma asingeiweza, maana yeye hushinda ufukweni akiwasubiri wavuvi wa namna hiyo.

Baada ya maombi huja matangazo. Wengi huyaona haya ni mkia wa shughuli, hutazama saa na kufunga viatu. Mimi nayaona ndiyo kiini chake. Nani anaumwa, nani amejifungua, mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa kukosa sare, kina nani hawasemezani tangu mambo ya ule mpaka wa ua, nani amehamia nyumba ile ya mabati mekundu, na je, yupo aliyekwenda kumpa hodi? Hapo ndipo fundi wetu wa mitambo alipaswa kutajwa miaka mitatu iliyopita. Hakutajwa, kwa sababu matangazo ya siku hizi yameliwa karibu yote na michango.

Jambo hili sharti lisemwe, hata kama viongozi wa parokia watanuna. Nimesikia wafanyakazi wengi, watu waungwana wasio walevi wala wazembe, wakisema wameacha jumuiya kwa sababu kila wakifika wanasomewa deni. Zaka, mavuno, ujenzi wa ukumbi, zawadi ya jubilei ya padre, gari la parokia, mchango wa kanda, mchango wa jimbo. Kanisa hapa nchini limeacha kutegemea fedha za Ulaya, na hilo ni jema na la heshima. Mwenye nyumba ndiye aezekaye. Lakini mtu wa kima cha chini cha mshahara, mwenye kodi ya chumba na nauli za watoto, akisomewa jina lake mbele ya wapangaji wenzake kuwa hajamaliza ahadi, hatarudi Jumamosi ijayo. Atasema ana zamu.

Na hapo linakuja jambo la barua. Katika parokia nyingi mtu atakaye kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kumwandikisha kijana kwa Kipaimara hutakiwa kuleta barua ya utambulisho kutoka jumuiya yake, na mahali pengine na kadi ya zaka pia. Asili ya utaratibu huu ni nzuri. Padre mmoja mwenye waamini elfu kadhaa hawezi kumjua kila mtu, kwa hiyo huwauliza wanaomjua. Ubaya huanza pale barua inapogeuka mhuri wa kulipia madeni, na ubaya mkubwa zaidi ni pale inapodaiwa kwa maiti. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 yasema waziwazi, katika kanuni ya 1176, kwamba waamini marehemu wapewe maziko ya Kikanisa. Na kanuni ya 1184 yawataja wanaoweza kunyimwa, kama vile walioikana imani hadharani na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekuwa kashfa kwa waamini, nao wote ni kama hawakutoa dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Mtu aliyekuwa na zamu za usiku na kuketi viti vya nyuma hayumo.

Hayo nimeyasema kwa upande wa parokia. Kwa upande wetu sisi tuketio nyuma, visingizio vyetu navyo havina afya nzuri sana. Twasema jumuiya ni ya kina mama. Ni kweli kwamba ukienda alfajiri utahesabu kina mama kumi na watano na wanaume watatu, mmoja wao akiwa mwenyekiti. Kina mama wamejipanga tangu zamani. Umoja wao wa WAWATA ulianzishwa mwaka 1972, na walipotimiza miaka 50 mwaka 2022 waliujaza uwanja mkubwa wa mpira wa Dar es Salaam. Wanaume nao wana umoja wao, UWAKA, lakini katika parokia nyingi nilizozitembelea uhai wake huonekana zaidi siku ya kumpokea askofu. Sina haki ya kucheka. Mimi mwenyewe, kwa miaka minne sasa, nimesema kwamba gazeti la Jumapili hutengenezwa Jumamosi.

Yupo atakayesema kwamba jumuiya si tabia yake, kwamba hawezi kusema mbele ya watu na kuimba hajui. Basi mlango si mmoja. Parokia ni kama karakana. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa mjini Paris mwaka 1833 na Frederic Ozanam pamoja na wanafunzi wenzake wa chuo, hakihitaji sauti wala mahubiri. Wanachama wake huwatembelea maskini nyumbani kwao, wawili wawili, wakaketi na kusikiliza, kisha wakatafuta unga, dawa au kodi ya mwezi bila kuitangaza. Mfanyakazi wa zamu za usiku, aliye huru mchana wakati wengine wako makazini, ndiye hasa anayefaa kumfikisha mgonjwa hospitali.

Aliye mhasibu aiulizie kamati ya fedha. Wengi hawajui kwamba sheria ile ya mwaka 1983, kanuni ya 537, yaagiza kila parokia iwe na kamati hiyo. Si hiari ya paroko. Halmashauri ya walei ni jambo jingine: hiyo huundwa askofu akiona yafaa, nayo hutoa ushauri tu, neno la mwisho likabaki kwa paroko. Nimeona watu wakiingia katika halmashauri kwa kampeni utadhani wanagombea udiwani, kisha wakakasirika kugundua kwamba hawana kura ya kumshinda padre. Afadhali mtu mmoja ajuaye kusoma daftari la mapato na matumizi, akauliza kwa adabu risiti ya saruji iko wapi, kuliko wajumbe kumi wa namna hiyo. Michango ingelalamikiwa kidogo kama hesabu zake zingesomwa kanisani kwa ukamilifu ule ule wanaosomewa wadaiwa.

Muuguzi na apime shinikizo la damu la wazee baada ya misa. Fundi umeme na atazame zile nyaya za vipaza sauti zilizofungwa kwa plasta. Mwalimu mstaafu na amsaidie katekista, kwa maana katekista wa mjini ana watoto wengi darasani na posho yake ni jambo ambalo ukilitaja kila mtu hutazama pembeni. Mwezi Mei 2021 hayati Papa Fransisko aliipandisha kazi ya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Heshima hiyo ilistahili. Sijui ni halmashauri ngapi zilizoifuatisha na nyongeza ya posho.

Mwaka ule ule, mwezi Januari, Papa aliwafungulia wanawake pia huduma rasmi za usomaji wa masomo na utumishi wa altare. Katika parokia zetu wanawake walikuwa wakisoma siku nyingi kabla ya hapo, basi wengi hawakuona mabadiliko. Juu ya usomaji mwandishi wa habari nina haki ya kulalamika kidogo. Somo la Isaya husomwa kama matangazo ya vifo, kwa haraka, kichwa kimeinamia kitabu, jina la mji likarukwa kama shimo barabarani. Atakaye kazi hii na alichukue somo nyumbani siku tatu kabla, alisome kwa sauti jikoni, mkewe au mumewe akisikiliza. Mpishi akiacha kukoroga mboga ili asikie, somo limeiva.

Kwaya sina haja ya kuzitangaza, maana hazikosi watu. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokwisha mwaka 1965, uruhusu lugha na muziki wa wenyeji katika ibada, na tangu watunzi kama Padre Stefano Mbunga wauonyeshe ulimwengu kwamba ngoma si dhambi, Watanzania wamekuwa wakiimba kanisani kwa namna inayowafanya hata wavivu wawahi misa. Neno langu kwa walimu wa kwaya ni moja tu, nalo limetoka kwa mume mmoja wa mtaani kwetu: mazoezi yakiisha saa nne usiku, kila siku, kwa majuma matatu kabla ya Pasaka, mwimbaji hurudi katika nyumba ambayo haimo katika sauti moja naye. Pangeni saa. Na sare mpya kila sikukuu si lazima.

Watoto nao wanacho chama chao, Utoto Mtakatifu, kilichoasisiwa Ufaransa mwaka 1843, ambacho wazo lake ni watoto kuwasaidia watoto. Mzazi atakayempeleka mwanawe huko Jumamosi ataona kwamba mtoto ndiye atakayemvuta yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba ninayotaka kurudi kwake sasa.

Usiku ule wa Alhamisi habari ilimfikia mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wetu, yule yule mama wa samaki. Hakuitisha kikao. Asubuhi, kabla ya kwenda ufukweni, alijifunga kitenge chake cha WAWATA akaenda ofisini parokiani, nasi wawili tukamfuata. Akamwamkia paroko, kisha akasema: “Baba Paroko, marehemu alikuwa wa jumuiya yetu. Hakuhudhuria, kwa sababu sisi hatukwenda kumwita. Kama kuna kosa, liandike jina langu.”

Paroko alinyamaza kitambo. Halafu akafungua kitabu, akauliza jina la ubatizo la marehemu, akaandika misa siku ya Jumamosi saa nane mchana. Haki yake nimpe: alikuja mwenyewe, hakumtuma msaidizi, na siku ya tatu alifika nyumbani bila kuitwa. Usiku wa Ijumaa kina mama wa jumuiya walikesha na mjane wakisali Rozari, na waliokuwa chini ya turubai, Wakristo kwa Waislamu, walikunywa uji uliopikwa na watu ambao mwenye nyumba hakuyajua majina yao juma lililotangulia.

Imepita miezi miwili. Mtoto wake mkubwa, binti wa darasa la tano, alianza kwenda Utoto Mtakatifu kwa kuwa rafiki yake wa shuleni alikuwa huko, na mama akaanza kumsindikiza. Jumamosi iliyopita zamu ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwao. Mjane alikuwa ameazima mabenchi matatu, moja likiwa la kwetu, ndiyo sababu ya mimi kujikuta pale alfajiri: nilikuwa nimelibeba. Binti ndiye aliyesoma Injili. Alisoma taratibu, akakwama mara moja, akarudi nyuma, akalisoma neno upya. Wakati wa matangazo hakuna aliyesomewa deni. Mweka hazina alikuwa amekuja na daftari lake, lakini mwenyekiti alimwangalia, naye akalikalia.

Kisha katibu akauliza juma lijalo ni kwa nani. Pakawa kimya kile cha kila siku, kila mtu akitazama mkeka. Mke wangu akanyosha mkono.

Nimekwisha kumwomba mhariri nichelewe kufika kazini Jumamosi hiyo. Mpaka naandika haya hajanijibu.